Risasi za Mama Kadzo

Mnaniuliza bunduki ipi ndiyo kubwa kuliko zote. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza bega ni la nani.

Juzi mjukuu wangu kaniletea simu, akanionyesha picha ya bunduki nene kama mchi. "Babu, hii si ndiyo ya ndovu?" Nikamwambia hiyo, mwanangu, ni ya kuwavunjia mabega watu wenye pesa za kuchezea. Akacheka mpaka akaketi. Basi na nyinyi wenzake, mlioingia uaskari wa wanyamapori jana na leo mshaanza kubishana namba za bunduki mkahawani, hebu ketini niwaambie niliyoyaona. Mimi sina haraka. Mstaafu ana haraka ya kwenda wapi?

Kwanza tuelewane. Sisi hatukuwa wawindaji. Miaka ya themanini, ninayoisimulia hapa, uwindaji ulikuwa umeshapigwa marufuku, na mtu akikutwa porini na bunduki bila kibali alikuwa na maneno ya kujibu. Sisi tuliitwa pale mnyama alipokwisha kuua mtu, au alipomaliza mashamba na kila njia ya kumfukuza imeshindikana. Tulianza na madebe. Tukawasha moto wa pilipili na mavi ya ng'ombe, moshi wake ukatutoa machozi sisi kabla ya ndovu. Tukapiga risasi hewani. Yakishindikana yote hayo, Mzee Charo alivua kofia, akajikuna kichwa, akasema, "Haya, Kahindi. Huyu ametukataa." Kahindi ndiye mimi.

Mzee Charo ndiye aliyenifunza kazi, Mungu amlaze pema. Alikuwa mfupi, mpole, mtu wa maneno machache kwa watu na mengi kwa bunduki. Asubuhi akifungua sanduku la bunduki aliiamkia, "Shikamoo, bibi." Nikamwuliza siku moja, mzee, mbona waamkia chuma? Akanijibu, "Huyu ni mkubwa wangu. Si unaona ananipiga?"

Na kweli ilikuwa ikimpiga. Kituo chetu Malindi kilikuwa na bunduki kubwa za namna mbili, moja tukiiita 375 na nyingine 458. Hizo namba ni unene wa risasi kwa vipimo vya Kizungu, msijisumbue na hesabu yake. Jueni tu kwamba namba ikipanda, kishindo kinapanda, na teke la bunduki begani linapanda pia. Ile 375 ilikuwa ikisukuma. Ile 458 ilikuwa ikipiga. Mbogo au ndovu akishakukaribia, 458 ina nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Lakini mkono unaoogopa teke huipeleka risasi pembeni, na risasi iliyokwenda pembeni haikusaidii hata ingekuwa nene kama mkono wangu.

Alikuwako kijana mwenzetu akiitwa Safari. Siku ya kwanza kwenda kupima shabaha, kule kwenye vilima vya mchanga karibu na mdomo wa mto Sabaki, aliletewa bunduki zote mbili achague. Akachukua 458 bila hata kuitazama ya pili. Akasimama magoti yamekaza, kitako cha bunduki kinaning'inia mbele ya bega, hakijaligusa. Nikataka kusema neno, Mzee Charo akaniwekea kidole mdomoni. Bunduki ikalia. Safari akaketi mchangani pwaa, kofia yake ikaenda njia yake. Mzee Charo akamsogelea, akainama, akamwuliza kwa upole, "Umempata?"

"Nani, mzee?"

"Huyo uliyemkalia."

Loo! Tulicheka siku hiyo mpaka tukashika mbavu. Lakini sikilizeni mwisho wake. Mzee alimwinua, akamfuta mchanga mgongoni kama mtoto wake, akampa 375. Mwaka haukwisha, Safari alikuwa akipiga shabaha kuliko sisi sote, na hakuna aliyemkuta tena amekaa.

Bunduki hupimwa mwilini kama kanzu, na fundi hakushonei kanzu ya mtu mwingine. Mzee Charo alinisimamisha uani, akaniambia, "Fumba macho. Sasa ipandishe begani vile unavyoona mwili umeridhika. Haya, fumbua." Nikifumbua nikakuta kile kijiti cha mbele ya mtutu kimekaa sawasawa ndani ya kile kijipengo cha nyuma, basi bunduki ni yangu. Nikikuta nashika shingo upande kukitafuta kijiti, si yangu, hata kama ni mpya na inang'aa. Mnyama akikujia hutakuwa na nafasi ya kutafuta kitu. Lijaribuni hili kabla ya kuuliza namba, na mjaribu bunduki ikiwa tupu, mmeikagua mara mbili, tafadhali. Sitaki wazazi wenu waje kunifokea mlangoni.

Kisha ulizeni, risasi zake zapatikana wapi? Kilifi kulikuwa na Mzungu wa shamba la mkonge aliyeacha nyuma bunduki ya mitutu miwili, nzuri, imenakshiwa ndege na majani ubavuni. Ilipoletwa kituoni kila mtu alitaka kuishika. Mzee aliishika, akaisifu kwa moyo mmoja, akauliza risasi. Hazikuwapo. Hata Mombasa hazikuwapo, na waliozitengeneza huko kwao walikuwa wamekwisha kuacha. "Basi huu ni mpini wa jembe," akasema, akairudisha kwa adabu.

Na risasi yenyewe ina tabia zake. Kuna ya pua laini na kuna ngumu. Mzee alinipeleka kwenye gogo la mnazi uliokufa, akapiga moja moja, akanipa panga nizichimbue. Ile laini nikaikuta imekuwa bapa kama kitumbua. Ile ngumu ilikuwa imepita gogo zima na imetoka vile vile ilivyoingia. Akaniambia laini ni ya chui, mnyama mwenye ngozi nyepesi, kwa kuwa inafunguka ndani na kumaliza mambo upesi. Kiboko, mbogo anayekujia, ndovu, hao wana mifupa. Ukiwapiga kwa laini itafunguka mlangoni kabla haijaingia nyumbani, umuache mnyama ana maumivu na hasira, na mwenye shamba ndiye atakayelipia. Mzee hakuchukia kitu kama mnyama aliyeachwa na jeraha. "Kama ni lazima afe," alikuwa akisema, "asijue."

La mwisho katika elimu yake lilikuwa sikio. Risasi za 458 za siku zile zilijazwa baruti nyingi, ikashindiliwa, na kwenye joto la ghala baruti ilikuwa ikigandamana. Risasi ya namna hiyo hupiga kikohozi badala ya kishindo. Kwa hiyo kabla ya kutoka Mzee aliiweka kila risasi sikioni akaitikisa. Akisikia chembe zikicheza ndani, chaka chaka, aliipokea. Ikinyamaza, aliitenga. "Bubu hii," anasema. Mkewe alikuwa akimtazama kila mara anapofanya hivyo, akimcheka, "Baba Kadzo, leo zimekuambiaje?"

Sasa nimefika kwa Mama Kadzo, na hapa naomba mniache niende polepole.

Wakubwa walifungua kambi ndogo Sabaki, nyumba mbili za mabati karibu na mto, kwa sababu viboko walikuwa wamezidi mashambani. Nyumba moja akapewa Mzee Charo na mkewe. Ya pili nikapewa mimi, kapera. Kadzo, binti yao, alikuwa ameolewa Mnarani, kwa hiyo Mama Kadzo aliniangalia mimi kama ndiye aliyebaki. Niliamkia mlangoni kwake, "Shikamoo, Mama," na sikuwahi kuondoka na tumbo tupu. Tukirudi kupima shabaha, mabega yamevimba, alipasha mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, akatukandakanda mimi na mumewe kwa zamu, huku akitusema. "Watu wazima, mnapigana na chuma! Na chuma kinawashinda!" Mikono ile ilikuwa myepesi sana. Mpaka leo nikisikia harufu ya nazi iliyopashwa moto, bega langu hulegea lenyewe.

Babake Mama Kadzo alikuwa Mwaata, wale wawindaji wa upinde wa zamani waliokaa kandokando ya msitu. Kwao alivyotusimulia, mwanamume akienda mwituni, mkewe ndiye aliyepaka mafuta upinde wake, asubuhi, kwa mkono wake, bila kuzungumza na mtu. Siku moja babake alitoka na upinde uliopakwa vizuri, na mbogo akamuua. Upinde ukarudishwa nyumbani na watu. Mamake aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alikuwa akikaa na ule upinde mapajani akiupapasa, akiuliza ni wapi hapa nilisahau kupaka. Mama Kadzo alikuwa akilisimulia hilo akichambua mchicha, sauti yake ya kawaida, lakini macho hayatoki kwenye mchicha.

Basi risasi za Mzee zilikuwa zikikaa kambini, ndani ya sanduku la chuma. Mnajua chumvi ya pwani yetu ilivyo. Shaba inaota kutu ya kijani ukigeuka tu. Mama Kadzo akaona kutu ile, akasema mume wangu hatatoka na silaha iliyooza. Akachukua kitambaa na mafuta yake ya nazi, akazipaka risasi zote, na zaidi kule chini kwenye kitako cha ganda, panapoanza kutu. Kila Ijumaa akazipaka tena. Zikang'aa kama vikuku vya bibi harusi. Mzee alifurahi. Mimi nilifurahi. Hata mkubwa wa kituo alipokuja kukagua alisifu. Kosa hilo, wanangu, mtu wa bara asingelifanya, hana chumvi hewani wala nazi jikoni. Lilikuwa kosa letu wenyewe watu wa pwani, na tulilifanya kwa mapenzi.

Mimi zangu za 375 nilizitia kwenye mkebe wa mchele mkavu. Hakuna aliyenifunza. Nilikuwa nimemwona mamangu akitia punje za mchele kwenye chumvi isichukue maji, nikaona kama unafaa kwa chumvi utafaa kwa risasi. Mzee akanitania kambi nzima. "Askari wa pilau huyo! Kiboko akija, mpakulie!"

Kiboko akaja. Dume mzee, amefukuzwa na wenziwe, na shingoni ana waya wa mtego uliokwisha kumla nyama. Alikuwa na maumivu, maskini, na maumivu yalimfanya mbaya. Alimuua mkulima mmoja aliyekuwa akifungua maji shambani kwake, mtu mwenye watoto wadogo, na baada ya hapo akalala kwenye matete karibu na pale wanawake wanapoteka maji. Kijiji kizima kikawa hakina maji. Tulipiga madebe, tukawasha moshi, hakutoka. Mzee akavua kofia.

Tulikwenda asubuhi, jua limeshatoka, twaona vizuri. Mzee mbele na 458, mimi nyuma yake kidogo, mkono wa kushoto, na 375. Tulizunguka tusije tukasimama kati ya kiboko na mto, maana hapo huwa humwachii njia nyingine ila juu yako. Lakini yeye hakutaka mto. Alitutaka sisi. Matete yalifunguka, akatoka ameachama, na kama hamjawahi kuona kiboko akikimbia nchi kavu, msidanganywe na unene wake.

Mzee akapandisha bunduki bila pupa, kama uani kwake. Nikasikia tk.

Hakuna kitu. Akavuta komeo, ile ya kwanza ikaruka, ya pili ikaingia. Tk.

Sikumbuki kupandisha 375 begani. Mwili uliipandisha. Nilifumbua tu nikaona kijiti kimekaa mahali pake, katikati ya macho na masikio, nikavuta. Kiboko akapiga magoti, akateleza na uzito wake wote, tope likamrukia Mzee mpaka kifuani. Akatulia. Mzee alikuwa bado amesimama pale pale, bunduki begani. Baada ya muda akageuza shingo polepole, akanitazama.

"Kahindi," akasema. "Umeamkaje?"

Nikacheka, nikaketi matopeni. Yeye akaja akaketi kando yangu. Akanishika mkono asiuachie. Nawaambieni wazi, nilimpenda mzee yule kama babangu, na nilikuwa nimeona namna nitakavyokwenda kumwambia mkewe.

Alipopata nguvu aliziokota zile risasi mbili. Kila moja, pale chini katikati, kwenye kile kifuniko kidogo cha fataki, kinachowasha baruti, ilikuwa na kovu la msumari wa bunduki. Msumari ulipiga barabara, fataki haikuitika. Akazipeleka sikioni, baruti ikacheza ndani vizuri tu. Akaziweka puani. Akaninyooshea moja.

"Nusa," akaniambia.

Nikanusa. Nazi. Harufu ya kichwa cha mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mafuta yalikuwa yamepenya kidogo kidogo, wiki kwa wiki, yakaingia kwenye fataki yakaiua.

"Mzee, lazima Mama aambiwe," nikasema. "La sivyo atazipaka tena kesho."

"Hapana."

"Mzee, leo nusura—"

"Nilikuwapo, Kahindi. Tope hili la nani?" Akajifuta uso. "Mamake alikufa akiwa na upinde mapajani. Unataka na huyu nimpe risasi akae nazo hivyo hivyo? Ajue kuwa mikono yake ndiyo iliyotaka kuniua? Sitamwambia. Afadhali kiboko."

Basi tukafanya shauri pale pale mtoni. Mkubwa wa kituo tulimweleza ukweli wote. Akashika kichwa, akaamuru risasi zote za kambi zibadilishwe, na la nyumbani akasema ni la nyumbani. Zile mbili nilizifungua mimi siku ile ile, nikamwaga baruti, nikarudisha vichwa vyake, zikabaki vyuma tu visivyodhuru mtu. Mzee akazichukua akampa mkewe, akamwambia, "Mama Kadzo, hizi ndizo zangu za bahati. Nipakie hizi tu, nyingine ziache." Risasi za kazi zikahamia kwangu, ndani ya mkebe wa mchele, na Mzee hakuniita tena askari wa pilau.

Kuanzia hapo ikawa ada. Tukiitwa, Mama Kadzo alitoka mlangoni na zile mbili ndani ya kipande cha leso, zinang'aa, akamkabidhi mumewe kwa mikono miwili. "Nenda nazo, urudi nazo." Mzee akazitia mfuko wa shati, wa kushoto, akacheka, akampiga begani kidogo. Kisha anapita kwangu, tunafungua mkebe, tunazitikisa zile za kweli sikioni, tunaondoka. Akirudi, la kwanza ni kumrudishia leso yake. Tulikwenda hivyo miaka. Tulikwenda Magarini kwa mbogo aliyejeruhi watu wawili, tukakesha Gede kwa ndovu waliotoka msituni, na kila mara moyo wangu ulikuwa juu, si kwa mbogo, kwa yule mama mlangoni. Nikiogopa nitateleza ulimi mbele yake. Nikila chakula chake nilitazama sahani.

Na chakula hicho kilizidi. Alianza kuniletea mchele, kikapu kidogo, kila mara. Mchele wenyewe ameuanika juani mpaka unalia ukiumimina, kisha akaupitisha kwenye kikaango kikavu. "Huu si wa kupika, Kahindi," aliniambia. "Ni wa mkebe wako. Ule wa zamani wape kuku." Nikadhani ni usafi wake tu, anachukia fukusi wanaotoboa mchele. Nikashukuru, nikaubadilisha alivyotaka.

Mzee Charo alistaafu na mwili mzima, vidole vyote. Wakajenga upande wa Magarini, akalima mihogo na kuwatania wajukuu, na kifo kilipomfikia kilimkuta kitandani, mkewe kando. Nilibeba jeneza kwa bega hili hili.

Nyinyi mtachagua bunduki zenu wenyewe. Fumbeni macho, fumbueni, sikilizeni risasi, na msitie mafuta yoyote karibu na fataki, hata akiyaleta mtu mnayempenda. Hayo ndiyo mliyoyataka kwangu, na nimewapa. Lililobaki ni langu, lakini nitawapa pia.

Baada ya matanga nilikwenda kumtazama Mama Kadzo, watu wameshatawanyika. Alinipa chai. Kisha akaingia ndani, akatoka na kile kipande cha leso, akakifungua mapajani. Zile mbili, zinang'aa. Nikamwona mamake na upinde.

"Kahindi," akasema, "mbogo wa Magarini alianguka?"

"Alianguka, Mama."

"Na risasi za mume wangu zikarudi zote mbili, mfukoni. Alimuua kwa kofi?"

Nikatazama chai yangu. Akanicheka, machozi yanamtoka huku anacheka.

"Mimi ni mtoto wa mwindaji," akasema. "Siku ya kiboko alirudi na tope kifuani, akanipa hizi. Nikazitia sikioni, bubu zote mbili. Nikazigeuza, kila moja ina kovu. Risasi yenye kovu ni risasi iliyoitwa ikakataa. Na hapa kambini nani mwingine alikuwa akizipaka?"

"Mama! Ulijua siku ile ile? Mbona hukusema?"

"Nililia jikoni, nikamaliza. Kisha nikamtazama anavyonidanganya. Hajui kudanganya yule, masikio yalikuwa yakimcheza. Alikuwa amehangaika hivyo ili nisiumie, nami nikamwambie nimeumia? Nikampakia risasi zake za bahati. Akawa anacheka kila akizipokea. Kile kicheko, Kahindi, ningekinyang'anya kwa nini?"

Nikakumbuka kikapu.

"Na mchele ule, Mama?"

"Mchele ule je?" Akanikazia macho kama zamani, kama nimeacha chakula sahanini. "Ulitaka nikae bure? Mafuta yalikuwa ya kumchekesha. Mchele ndio uliokuwa wa kumrudisha."

Akamimina mafuta kidogo kiganjani, akaichukua ile ya kwanza, akaanza kuipaka polepole kuanzia chini, pale penye kovu. Alipomaliza akanyoosha mkono bila kunitazama, nami nikampa ya pili.